Mfumo wa kikoba kwa muda wa jioni: React isubiri, anza na leja

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mfumo wa kikoba cha watu 30, unaoujenga mwenyewe jioni ukitoka kazini, unahitaji React (zana ya JavaScript ya kujenga kurasa), Node (ya kuendesha JavaScript kwenye seva), hifadhidata ya wingu na app ya simu kama wengine walivyokushauri. Hauhitaji. Orodha uliyopewa imetoka kwenye matangazo ya ajira, kikoba hakijaulizwa.

Piga hesabu kwanza. Watu 30 wakinunua hisa kila wiki ni mistari 1,560 kwa mwaka. Ongeza mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii, tuseme 5,000. SQLite, hifadhidata ambayo ni faili moja tu, haitoki hata jasho. Lugha iwe ile unayoijua, PHP au Python, na kurasa zitoke kwenye seva zikiwa HTML kamili. Ukianza na zana za JavaScript, folda ya node_modules, zinakowekwa maktaba (kodi za watu wengine unazozitegemea), peke yake inaweza kukulia megabaiti nyingi za bando kabla hujaandika chochote. Halafu mradi wa jioni una tabia ya kulala miezi 8. Ukiuamsha, unakuta nusu ya maktaba zimebadilika. Create React App, zana ya kuanzishia miradi ya React iliyokuwa mlango wa kila anayeanza, ilistaafishwa rasmi Februari 2025.

Kuna na suala la umbali. Seva nyingi za bei nafuu ziko Ulaya. Dar hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya kebo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 70, na kebo za baharini zenyewe hazijanyooka. Kivinjari kwa kawaida hupiga safari hiyo mara 3: kufungua muunganisho, kukubaliana usalama, kisha kuomba ukurasa. Ukurasa wa kilobaiti 12 unaingia wote kwenye mkupuo wa kwanza wa seva, ambao kwa kawaida ni kama kilobaiti 14. Ile programu ya kushusha kilobaiti 400 za JavaScript, ndipo ianze kuomba data, itamwacha mama wa Mbagala mwenye simu ya RAM ya GB 1 akitazama duara likizunguka.

Hayo madogo. Kazi yenyewe iko kwenye leja, yaani daftari la miamala.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuweka safu ya "salio" kwenye jedwali la wanachama, ikawa inaongezwa na kupunguzwa. Siku mtu akibisha kwenye kikao kwamba hisa zake ni pungufu, huna cha kumwonyesha zaidi ya namba. Salio lisihifadhiwe, lijumlishwe kutoka jedwali la miamala. Na muamala ukishaingia haufutwi wala kurekebishwa. Mhazini akiandika 50,000 badala ya 5,000, anaingiza muamala wa kutengua wa -50,000 unaotaja namba ya ule uliokosewa, kisha anaingiza 5,000. Ndivyo daftari la karatasi linavyofanya: unakata mstari, unasaini pembeni, hung'oi ukurasa. Usitegemee nidhamu ya mtu, iambie hifadhidata yenyewe ikatae kwa trigger, yaani amri inayojiendesha kila mtu anapojaribu kufuta:

CREATE TRIGGER usifute BEFORE DELETE ON miamala
BEGIN SELECT RAISE(ABORT, 'Muamala haufutwi'); END;

Weka nyingine ya namna hiyo kwa UPDATE, yaani kurekebisha.

Halafu kuna mtego wa namba ya kumbukumbu ya M-Pesa au Airtel Money. Wengi huiweka kwenye jedwali la miamala na kuifanya UNIQUE (isiyoruhusiwa kujirudia) ili malipo yasiingizwe mara mbili. Nia nzuri, lakini mwanachama akituma 30,000 kwa mkupuo, 20,000 za hisa, 8,000 za rejesho na 2,000 za faini, mstari wa pili unakataliwa. Na ukitengua muamala uliokosewa, ule sahihi haukubali kuingia kwa sababu namba bado iko kwenye mstari wa zamani. Tenga jedwali la malipo lenye namba hiyo (UNIQUE), mlipaji na tarehe, bila kiasi. Kiasi kikae kwenye miamala, kila mmoja ukielekeza kwenye malipo yake. Wanaolipa taslimu hawana namba. Iache NULL (tupu), SQLite inaruhusu NULL nyingi kwenye safu ya UNIQUE.

Mtandao ukisuasua, mtu anabonyeza "Hifadhi", anaona kimya, anabonyeza tena. Kuzima kitufe kwa JavaScript kunasaidia nusu tu, maana ombi la kwanza huenda limeshafika na jibu ndilo lililopotea njiani. Kila fomu inapofunguliwa, ipe tokeni (namba ya utambulisho) ya nasibu iliyofichwa, na uihifadhi kwenye malipo kama safu nyingine ya UNIQUE. Ombi la pili likija na tokeni ileile, usitoe kosa. Onyesha risiti ya lile la kwanza. Malipo na miamala yake viingie ndani ya BEGIN na COMMIT moja, ili ama viingie vyote ama kisiingie hata kimoja.

Kiasi kiwe INTEGER, shilingi kamili, kamwe isiwe desimali. Gawio ndipo utakapoona umuhimu wake. Kwa mfano, faida ya 850,000 kwa hisa 132 ni 6,439.39 kwa hisa. Ukikata desimali zinabaki shilingi 52 ambazo hazina mwenyewe, na hakuna anayelipwa 6,439 taslimu. Ukishusha hadi 6,400 zinatoka 844,800 na kubaki 5,200. Hizo ziandikwe kama muamala wa kwenda mfuko wa jamii, au popote katiba yenu inaposema, lakini ziandikwe. Baki likikosa mstari wake, vitabu havitafungana.

Saa. Seva nyingi zinatumia UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele saa 3. Mhazini anayefunga hesabu saa 8 usiku wa kuamkia Machi 1, kwenye seva bado ni Februari 28 saa 23:00, kwa hiyo mchango wa Machi unahesabiwa wa Februari na mwanachama anapigwa faini mwezi unaofuata. Kuweka Africa/Dar_es_Salaam kwenye PHP hakutoshi, kwa sababu date('now') ndani ya SQLite inabaki UTC vilevile. Tenganisha tarehe ya muamala, ambayo mhazini anaichagua, na wakati wa kuingizwa, ambao mashine inaandika. Ukitaka kuonyesha saa za Kiswahili: saa ya hapa kwetu (si ya UTC) + 6, gawa kwa 12, chukua baki, baki likiwa 0 andika 12.

Namba za simu ni maandishi. Zigeuze zote ziwe 255 na tarakimu 9 kabla ya kuhifadhi, la sivyo 0712 na +255712 watakuwa watu wawili, na Excel itameza sifuri ya mwanzo.

Kwenye SQLite, kila muunganisho unaofunguliwa upewe mipangilio miwili (PRAGMA): foreign_keys = ON, inayokataa muamala unaoelekeza kwenye malipo yasiyokuwepo, na busy_timeout = 5000, inayosubiri milisekunde 5,000 faili likiwa linatumika; wa kwanza kwa kawaida umezimwa, na bila wa pili unaweza kukutana na "database is locked". WAL (mtindo wa kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni) iwashe mara moja tu, ila usiiwashe kama hosti inaweka mafaili kwenye diski ya mtandao. Hosti ya kawaida ya PHP yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) inatosha kabisa. Faili la hifadhidata likae nje ya public_html, folda inayoonekana mtandaoni, vinginevyo yeyote atakayebahatisha jina lake atalishusha na namba za watu zote. Kuendesha seva nyumbani usijisumbue: umeme ukikatika mfumo umelala, na mitandao mingi ya simu huwapa wateja anwani ya pamoja, kwa hiyo huwezi kufikiwa kutoka nje.

Nakala ya akiba usiichukue kwa cp, amri ya kawaida ya kunakili faili. WAL ikiwa imewashwa miamala ya mwisho inaweza kuachwa. Tumia sqlite3 kikoba.db ".backup nakala.db", cron (kipanga ratiba cha seva) iwe 23:00 ya UTC, na faili liende kwenye mashine nyingine. Mara moja kwa mwezi lifungue, endesha PRAGMA integrity_check kuhakikisha faili halijaharibika, kisha linganisha jumla ya hisa na daftari la mhazini.

Namba za NIDA usizikusanye kama hazina kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023.

Riba sijaigusa kwa sababu hujasema katiba yenu inataka ipi, ya salio linalopungua au ya kiasi chote cha mkopo. Lete mfano wa mkopo mmoja na tarehe zake za marejesho, tuuandikie hesabu hapahapa.