Maswali Yenu: Mpambaji wa Filamu si Mpambaji wa Harusi

Napamba maharusi mwaka wa nne sasa. Naweza kuhamia kwenye filamu? (Tabata)

Mkono unao, dada. Kilichobaki ni kusoma skripti. Bibi harusi unampamba mara moja, yamekwisha. Mhusika aliyepigwa ngumi usiku ataamka jicho limevimba, keshokutwa alama itakuwa zambarau, wiki ijayo njano. Na sini hazirekodiwi kwa mpangilio. Hiyo ya njano inaweza kupigwa leo, kabla ya ngumi yenyewe. Basi gawa hadithi siku kwa siku, andika uso na nywele za kila mhusika, na kila sini ikiisha mpige picha mbele, pembeni na kisogoni.

Nimelisema na nitalirudia: mama wa kijijini anayeamka kitandani na kope za bandia ni kosa la mpambaji aliyekubali, hata kama mwigizaji ndiye aliyedai. Msuke twende kilioni, kisha uifumue kidogo kama mtu aliyeilalia. Huo ndio ufundi wetu.

Lazima nisome chuo? (Mwanza)

Hapana, ila lazima uwe msaidizi wa mtu anayejua.

Damu ya bandia inatengenezwaje? (wengi)

Jamani, hili nimelijibu mara nyingi. Sharubati nzito ya sukari, rangi nyekundu ya chakula, kakao kidogo ili rangi ikolee. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa, maana haitoki kirahisi kwenye nguo.

Nimchoree jambazi tatuu kwa piko? (Mombasa)

Usithubutu! Hina halisi huacha rangi ya machungwa au kahawia. Piko, ile nyeusi ti, mara nyingi ina PPD, kemikali ya rangi za nywele, inayoweza kutoa malengelenge na makovu, na mtu akabaki na mzio wa rangi hizo maisha yake yote. Tumia rangi za mwili zinazoyeyushwa kwa spiriti. Na kwa kuwa tumefika kwenye ngozi za watu: wanja mmoja usipite macho ya waigizaji wawili, na lipstiki ikwangue kwa spachula, uipake kwa brashi safi. Nimeona seti nzima ikiumwa macho.

Kuna mtu mweusi aliyepata Oscar kwa kazi hii? (Nakuru)

Wapo. Mwaka 2021 Mia Neal na Jamika Wilson walikuwa wanawake weusi wa kwanza kuishinda tuzo hiyo, pamoja na Sergio Lopez-Rivera, kwa filamu inayomhusu mwimbaji Ma Rainey. Neal alitengeneza wigi la nywele za farasi, kwa sababu mwimbaji mwenyewe alivaa hivyo. Ninyi mnaofanya filamu za miaka ya 1960 kwa wigi la dukani, kaombeni kwanza albamu za bibi zenu.

Nidai shilingi ngapi? (Dodoma)

Inategemea siku na idadi ya wahusika. Lakini tenganisha ujira wako na pesa ya vifaa, na siku za maandalizi nazo zilipwe. Prodyuza mmoja aliniahidi kunirudishia pesa ya mawigi matatu; filamu ilitoka, pesa sikuiona. Tangu hapo vifaa vinalipiwa kabla sijaenda dukani.