Bastola ya kukaa na Lee-Enfield

Ami, umesema una Lee-Enfield Mark III ya 1916, ile bunduki ndefu ya jeshi la Mwingereza, kibali unacho huko Marekani, na sasa unatafuta bastola ya kuiweka nayo kabati moja. Mie ningechukua Webley Mark VI, wala sihangaiki na nyengine. Iliingia jeshini 1915, risasi yake ni ya kipenyo cha .455, kwa hivyo mbili hizo ni za vita vimoja, vile Vikuu vya Kwanza. Ile Enfield ya .38 wanayokupigia debe si mbaya, ila ilipokewa 1932. Hiyo mtunzie No. 4, ile Lee-Enfield ya Vita vya Pili, siku ukiipata.

Lakini angalia sana. Webley nyingi zilizofika Marekani zilichongwa silinda kwa nyuma ili zipokee .45 ACP, risasi za Kimarekani, na klipu zake. Ifungue, igeuze kwenye mwanga, utazame mgongo wa silinda: mara nyingi pale palipochongwa chuma huwa cheupe, hakilingani na kwengineko. Ikiwa ndiyo hiyo, bei ishuke. Na risasi za .45 za dukani usiipigie kabisa, mgandamizo wake ni mkubwa kuliko wa .455, bastola yenyewe ina miaka mia na zaidi.

Marehemu babu yetu wa Wete alibeba bunduki kama hiyo Lee-Enfield yako enzi za Mwingereza, akisema kilichomchosha ni uzito, si adui. Kilo nne kasoro kidogo, tena juani!

Ule mwaka wa 1916 umeusoma kwenye chuma cha shingoni mwa bunduki, chini ya taji na herufi GR za Mfalme George? Tutumie picha basi.