Jina la biashara si alama ya biashara

Dada yangu, umeuliza kama cheti cha jina la biashara ulichopata BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni Tanzania Bara, kinatosha kumzuia mwingine asiuze viungo vya pilau vyenye jina lako. Hakitoshi. Cheti hicho kinaonyesha nani anaendesha biashara chini ya jina hilo. Haki ya kulitumia peke yako juu ya bidhaa hutokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, nayo huombwa kivyake, ingawa ni katika ofisi hiyohiyo.

Kabla ya kulipa chochote, tafuta katika daftari la alama kama lipo jina linalofanana na lako, hata kwa matamshi tu. Kisha litazame jina lenyewe: "Viungo Bora" linaisifu bidhaa bila kuitofautisha na ya jirani, kwa hiyo msajili ana sababu ya kulikataa, na nakusihi usichapishe pakiti elfu moja zenye jina la namna hiyo. Alama huombwa kwa daraja, yaani kundi la bidhaa, na viungo huombewa daraja la 30. Sabuni, ukizitengeneza baadaye, ni daraja la 3, na ombi lake ni jingine.

Ombi likikubaliwa hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Kama unauza Unguja pia, omba huko kivyake, kwa sababu Zanzibar ina sheria na msajili wake.