Kabla hujanunua kukri ya kale, chomoa visu vyake vidogo

Mimi ni mtu wa Tanga. Tangu utotoni nimesikia habari za vita vya Novemba 1914, Waingereza walipotushushia majeshi kutoka India wakatimuliwa na Wajerumani na askari wao. Katika majeshi hayo walikuwamo Wagurkha, askari wenye asili ya Nepal, wa kikosi cha Kashmir Rifles, waliopigana hadi ndani ya mji na kukri zao mkononi, yale majisu ya Kinepali yaliyopinda. Ndiyo maana nilipoiona kukri moja kwenye gulio la Jumapili hapa Uingereza, sikuweza kuipita.

Muuzaji alikuwa ameifungia kikaratasi: "Nepal, 1978". Nikadhani ni ya watalii, nikairudisha mezani. Jirani yangu, mzee wa Kinepali aliyestaafu jeshini, ndiye aliyenihimiza niirudie. Tarakimu zilizogongwa kwenye bapa zilikuwa za Kidevanagari, mwandiko unaotumika kwa Kinepali na Kihindi, na Wanepali huhesabu miaka kwa kalenda ya Bikram Sambat, iliyoitangulia hii yetu kwa miaka 57 hivi. Toa 57 kwenye 1978, unabaki na 1921, enzi za Chandra Shumsher, waziri mkuu aliyeishika Nepal kuanzia 1901 hadi 1929. Kwa hiyo ukiona mwaka kwenye kukri, kwanza tazama umeandikwa kwa tarakimu zipi.

Lakini mwaka peke yake hautoshi. Mzee hakuanza na kisu chenyewe; aliigeuza ala, akachomoa vile vidogo viwili vinavyokaa mgongoni mwake. Kimoja huitwa karda, kisu kidogo chenye makali kwa kazi ndogondogo kama kuchuna ngozi. Kingine ni chakmak, nacho ni butu: hunyooshea makali ya kukri, na zamani kiligongwa kwenye jiwe la gumegume kutoa cheche. Seti nyingine za kale huwa na kifuko cha ngozi cha kuwekea jiwe hilo na kiwashio chake, hata kibano. Watu wengi wanaikodolea macho kukri na kuvisahau hivi, ilhali ndivyo vinavyosema kama seti imezaliwa pamoja. Linganisha mipini. Yangu ilikuwa ya pembe ya nyati, na chakmak vilevile, lakini karda ilikuwa na mpini wa mti na ilipwaya mfukoni mwake. Ya asili ilipotea, wakatia nyingine. Nilinunua hata hivyo, ila bei ilishuka.

Kukri zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii hujitaja zenyewe: kichwa cha simba mwishoni mwa mpini, nakshi nyingi za shaba kwenye ala, pengine neno "India" limegongwa kwenye chuma. Na muuzaji akikwambia kwamba kukri ikichomolewa lazima ionje damu ndipo irudi alani, usimwongezee hata senti. Huko Nepal ni chombo cha kila siku, cha kukatia kuni na nyama.

Ukishaipata, nakusihi usiiguse kwa msasa. Ule weusi wa chuma cha kale ni umri wake, na maandishi yake hayana kina kirefu. Ukisugua kidogo tu yamekwenda. Mimi hutumia kitambaa na mafuta mepesi ya mashine, kutu laini naiacha ilowe usiku kucha. Pembe nayo huliwa na wadudu, kwa hiyo kagua mpini kwa vitundu.

Jambo la mwisho nimelilipia kwa kidole. Ala ni mbao mbili zilizovikwa ngozi, na kwa miaka mingi mshono hulegea upande wa makali. Unapochomoa, shika ala kwa upande wa mgongo, vidole visizunguke hadi upande wa makali. Mimi nilizungushia mkono kama ninavyoshika ala ya jambia, makali yakapita katikati ya mbao, nikashonwa nyuzi nne.

Karda yenye mpini wa pembe bado naitafuta.