Mnaopima Moshi, Oksijeni Mmeiacha Wapi?

Wiki hii nimeletewa tena ripoti ya vipimo vya bomba la moshi: kila mstari "imefaulu", safu ya oksijeni tupu. Aliyeiandika ni kijana hodari, na ngazi ya bomba anaipanda vizuri kuliko mimi nilivyowahi. Nimemrudishia. Kisha nikaona afadhali niwaandikie nyote mnaoianza kazi hii huku Malindi na Lamu, maana kosa hili limewazidi umri baadhi yenu.

1. Oksijeni. Kikomo si ile namba peke yake. Ni namba pamoja na maneno madogo yaliyo chini ya jedwali, na hayo ndiyo hamyasomi. Mimi pia sikuyasoma.

Kiwanda kimoja, sikitaji, kilikuwa na boila ya mafuta mazito. Masharti ya leseni yake yaliweka kikomo cha vumbi miligramu 100 kwa mita ya ujazo, gesi kavu, oksijeni asilimia 3. Nikasoma 100 nikaishia hapo. Tukapima, tukapata 60. Nikaenda kwenye baraza la chifu, nikasimama mbele ya watu wanaokaa nyuma ya ukuta wa kiwanda, nikawaambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba moshi uko ndani ya sheria. Bi mkubwa mmoja akainuka na shuka jeupe lenye madoa ya masizi. "Mwanangu, na hili nalo liko ndani ya sheria?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Jibu lake lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mashine ilikuwa imeandika oksijeni asilimia 12. Njia ya moshi ilikuwa na tundu, feni inavuta hewa ya nje, moshi unazimuliwa kama mchuuzi anavyozimua maziwa kwa maji. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: chukua 21, ambayo ni asilimia ya oksijeni katika hewa ya kawaida. 21 toa 3 ni 18, 21 toa 12 ni 9, 18 gawanya kwa 9 ni 2. Zidisha 60 mara 2. Ni 120. Kiwanda kilikuwa kimefeli na mimi nimekisafisha hadharani. Mzee wa maabara aliyeipitia ripoti hakunigombeza, aliweka kidole kwenye ile safu akaniangalia. Ripoti tukaiondoa, tukapima upya, na ikanibidi nirudi kwa chifu yuleyule, mbele ya watu walewale. Bi mkubwa hakuja. Alimtuma mjukuu wake, tena na daftari.

Kwa makaa ya mawe na kuni, oksijeni ya kikomo kwa kawaida ni asilimia 6. Kwa jenereta za dizeli za mahoteli mara nyingi ni 15. Someni jedwali lililo mbele yenu, msikariri.

2. Joto. Moshi wa digrii 200 umetanuka: ukiurudisha kwenye digrii sifuri, ambako vikomo huhesabiwa, ujazo wake haufiki theluthi mbili. Rekebisheni.

3. Kikomo cha bomba si kikomo cha hewa ya mtaani. Kuna aliyechukua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021, maikrogramu 5 za chembe laini kwa wastani wa mwaka, akaupimia bomba. Kwa hesabu hiyo hata tanuri la mkate lingefungwa.

4. Upepo. Kupima wakati wa kusi peke yake ni nusu ya kazi, kwa sababu kaskazi ikianza moshi unageukia watu wengine kabisa. Nahodha yeyote wa Amu atakufundisha hili bila malipo, mradi umwamkie vizuri.

5. Baraza hufanywa na ripoti ikiwa mkononi. Msiniambie "tulishaongea nao mwanzoni". Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, Lamu, megawati 1,050, ulipewa leseni ya mazingira 2016, na Juni 2019 Mahakama Maalum ya Mazingira ikaifuta. Sababu kubwa ilikuwa kwamba mikutano ya awali ilifanyika, lakini utafiti wa athari za mazingira ulipokamilika wananchi hawakupewa nafasi ya kuuchangia ipasavyo. Oktoba 2025 mahakama ya hapa Malindi ikaitupa rufaa ya wenye mradi. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinataka mikutano isiyopungua mitatu, na matangazo ya redio kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Mkiwasomea wazee wa Kwasasi muhtasari wa Kiingereza wakaitikia kwa adabu, hiyo ni adabu tu. Msiiandike kuwa ni ridhaa.

6. Anayetaka kupinga leseni ana siku 60. Mwananchi akiwauliza, mwambieni, hata kama anayewalipa ni mwenye kiwanda.

7. Ngazi ya bomba haipandwi na kandambili. Mnajijua.