Nani Kaizima Programu ya Hesabu Usiku?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Tuna kompyuta tisa na seva moja. Wiki mbili zilizopita nilifika asubuhi nikakuta programu ya hesabu imefungwa kwenye seva, wakati huwa hatuizimi. Juzi imejirudia, na safari hii ile alama ya antivairasi pale chini kulia haikuwepo kabisa. Kijana anayetutengenezea kompyuta anasema ni umeme. Nikubali?
Mhasibu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Usikubali, angalau kwa leo. Umeme ukikatika kompyuta nzima hulala. Hauchagui programu ya hesabu na antivairasi halafu ukaacha vingine vikiendelea na kazi. Tena Windows yenyewe hushtaki: ikiwashwa baada ya kuzimika ghafla huandika tukio namba 41, na mara nyingi 6008, kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System.

Programu kufa peke yake si habari. Kila ukifunga Chrome kuna prosesi kadhaa zinakufa, yaani programu zilizokuwa kazini. Kinachonitia wasiwasi kwako ni hao wawili kuondoka pamoja. Programu ya hesabu huwa imeyashikilia mafaili ya hifadhidata, na vile virusi vinavyofunga mafaili ili vidai pesa haviwezi kuandika juu ya faili lililoshikiliwa. Kwa hiyo kwanza vinamuua aliyelishika. Antivairasi inauawa kwa kuwa ndiyo mlinzi wa getini. Ryuk, vilivyoanza kuonekana 2018, vilikuwa vinaua prosesi zaidi ya 40 na kusimamisha huduma, yaani programu zinazofanya kazi kimyakimya nyuma ya pazia, zaidi ya 180.

Mwaka 2021 niliitwa kwenye duka moja la vipuri hapa Dar. Nilikaa mbele ya seva yao mpaka chai ikapoa. Mstari wa kwanza kwenye daftari lake la matukio: taskkill /F /IM sqlservr.exe, amri ya kuua programu ya hifadhidata, saa ya kompyuta 00:41, yaani saa sita na dakika arobaini na moja usiku. Chini yake taskkill nyingine, na nyingine, kisha net stop, amri ya kusimamisha huduma, mfululizo, zote ndani ya sekunde sita. Hakuna binadamu anayechapa hivyo, hata makatibu muhtasi wa enzi za taipureta. Mwisho ikaja vssadmin delete shadows, kufuta nakala ambazo Windows hujiwekea. Akaunti iliyotoa amri ilikuwa ya mfanyakazi aliyekwisha acha kazi, na hakuna aliyekumbuka kuifunga.

Niliweza kuisoma mistari ile kwa sababu kuna mtu alikuwa amewasha tukio 4688, linaloandika kila prosesi inapozaliwa, pamoja na amri yake kamili. Kwenye kompyuta nyingi huwa limezimwa, na hiyo sehemu ya amri ina swichi yake peke yake. Wengi hukimbilia 4689, au namba 5 ya Sysmon, chombo cha Microsoft cha kuandika matukio ya ziada, zinazoandika prosesi inapokufa. Hizo ni cheti cha kifo tu: jina la marehemu na saa yake, muuaji hatajwi. Muuaji mtafute kwenye 4688, au namba 10 ya Sysmon, inayoonyesha prosesi ipi iliifungua nyingine na kwa ruhusa gani. Hata 7034, ya huduma kukoma bila kutarajiwa, haikwambii kama ilianguka yenyewe au ilinyongwa.

Kuna wauaji wasio na hatia pia. Bakapu nyingi za usiku husimamisha hifadhidata, hunakili, kisha huirudisha. Muulize kijana kama aliwahi kuipanga. Antivairasi nayo ikijisasisha hujizima kidogo. Lakini hiyo hurudi baada ya muda mfupi, na ya kwako haikurudi mpaka asubuhi.

Leo hii chomoa waya wa mtandao kwenye seva, ila usiizime, maana yaliyomo kwenye kumbukumbu yake ya muda yatapotea. Ile diski ya nje yenye bakapu yenu usiichomeke hapo kabisa, hata kwa dakika moja. Kwenye Event Viewer tafuta namba tatu za usiku ule: 1102, kwamba kuna mtu kafuta kumbukumbu za usalama, 5001, kama mnatumia Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, kwamba ulinzi wake ulizimwa, na 7045, huduma mpya imewekwa. Hiyo ya mwisho iangalie vizuri. Siku hizi wahalifu wanakuja na draiva (programu ndogo inayofanya kazi kwenye kiini cha Windows) halali yenye sahihi ya kidijitali, wanaiua antivairasi kutoka ndani kabisa ya Windows, na taskkill huioni popote. Mwaka 2023 kulikuwa na AuKill, kilichotumia draiva ya zamani ya Process Explorer, chombo ambacho sisi mafundi wenyewe tunacho kwenye flashi. Maneno ya siri badilisheni kutoka kompyuta nyingine, mkianza na la msimamizi.

Ukikuta 7045, niandikie jina la faili na mahali lilipo. Na huyo kijana usimgombeze. Mwombe tu, kwa upole, akuonyeshe namba 41.