Kipigo cha uzeeni na jina la bondia

Swali ni hili: je, bondia anayeendelea kupigana hadi vijana wanamdunda anajiharibia jina alilolijenga? Nimekaa kwenye kona za mabondia hapa Dar es Salaam kwa miaka 11, nikishika ndoo na taulo. Kwa niliyoyaona, inategemea kama watu walishawahi kumwona akiangushwa na kuinuka wakati nguvu zake zilikuwa bado kamili.

Muhammad Ali alipanda ulingoni Las Vegas tarehe 2 Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, kupambana na Larry Holmes, ambaye zamani alikuwa mwenzake wa mazoezi. Majaji wote watatu walimpa Holmes kila raundi, na baada ya raundi ya 10 Angelo Dundee, kocha wa Ali, akalisimamisha pambano. Desemba 1981 Ali alishindwa tena, safari hii na Trevor Berbick huko Nassau. Pamoja na hayo, leo hakuna anayeanza kumweleza Ali kwa kumtaja Berbick, kwa sababu dunia ilikuwa imeshamwona Joe Frazier akimwangusha katika raundi ya 15 mwaka 1971, na Ken Norton akimvunja taya mwaka 1973, na ikamwona akirudi kuwashinda wote wawili. Swali la kama anaweza kustahimili kipigo lilikuwa limeshajibiwa. Tukumbuke pia kwamba Februari ya mwaka uleule wa 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma hapa kwetu kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye, lakini kule kutumwa tu kunaonyesha kwamba jina lake halikutegemea tena ngumi zake.

Aliyeumia kwa jina, kwa maoni yangu, ni Holmes. Alifikisha mapambano 48 bila kushindwa kabla Michael Spinks hajamzuia mwaka 1985, na bado wengi humkumbuka kama mtu aliyempiga mzee.

Roy Jones ni habari nyingine, na hainifurahishi kuisema kwa sababu sijaona bondia mwenye kipaji kama chake. Machi 2003 alipanda hadi uzito wa juu akamshinda John Ruiz, aliyekuwa bingwa wa uzito huo. Mei 2004 Antonio Tarver akamwangusha raundi ya pili, na Septemba Glen Johnson akamlaza raundi ya tisa. Kabla ya hapo alikuwa ameshindwa mara moja tu, kwa kuondolewa kwa kuvunja kanuni mwaka 1997, kwa hiyo watu hawakuwa wamepata nafasi kubwa ya kujua kidevu chake kinavumilia nini. Alipoanguka, watu walirudi nyuma kuutilia shaka ujana wake wote. Mimi naona wanamwonea: bondia aliyejengwa juu ya wepesi huporomoka ghafla, wakati aliyejengwa juu ya uzito wa ngumi hupewa muda. George Foreman, aliyelala mbele ya Ali Kinshasa mwaka 1974, alimwangusha bingwa wa dunia Michael Moorer mwaka 1994 akiwa na miaka 45, amevaa ile bukta nyekundu ya Kinshasa na Dundee yuleyule akiwa kwenye kona yake.

Nilimhudumia bondia mmoja, sitamtaja, katika pambano lake la mwisho akiwa na miaka 41. Kabla ya raundi ya nne, nikimpaka mafuta juu ya nyusi, aliniambia kwa sauti ya chini, "Ngumi naiona inakuja, ila mwili hauondoki." Nilipaswa kurusha taulo palepale, pambano lisimamishwe. Nilisubiri, na raundi ile hakuimaliza. Ujanani aliwahi kuangushwa mara mbili katika pambano moja na akashinda, na wazee waliokuwepo humwita Bingwa hadi leo. Tofauti yake na Ali ni kwamba pambano lile halikurekodiwa na mtu, ila hili la mwisho limo kwenye simu za watu, sekunde 50 hivi, kuanzia konde la kwanza hadi refa anapopunga mikono. Kijana ambaye hajui lolote jingine atamhukumu kwa sekunde hizo, na siwezi kumlaumu sana, maana hajaonyeshwa kitu kingine.

Mwaka jana niliwakuta vijana watatu kwenye ukumbi wa mazoezi wakiitazama video hiyo na kucheka. Bondia mwenyewe alikuwa upande wa pili, amevaa padi mikononi, akimhesabia mtoto wa miaka 14 moja, mbili, moja, mbili, na kila mtoto aliposahau kuinua mkono wa kulia alimgusa shavuni taratibu kwa padi, kisha wakaanza tena.